Mtaa wa Kulinganishia

Jina lake la kwenye cheti lilikuwa limesahaulika hata na mumewe, au ndivyo mumewe alivyopenda kutania. Watu walimwita Mama Hodi. Kazi yake ilikuwa kutembelea nyumba zenye wajawazito na watoto wadogo, kwa mpango uliolipiwa na halmashauri ya mji, na hodi yake ilianzia barabarani, hata mlango haujaonekana. Haikuwa kelele ya bure. Mtu akisikia hodi ya mbali hupata nafasi ya kumaliza ugomvi, kufuta machozi, au kusukuma chini ya kitanda kile anachokionea haya. "Ukimfumania mtu," alikuwa akisema, "hasikii ushauri wako, anasikia aibu yake tu." Basi alipiga hodi, akatembea polepole kama mwenye mguu mbovu, akapiga tena. Alipofika mlangoni nyumba ilikuwa imeshajiweka sawa, naye akaanza kuyatazama yale ambayo watu hawayafichi kwa sababu hawajui kuwa yana hatari.

Na hayo yalikuwa mengi. Sufuria ya maji ya moto iko sakafuni na mtoto anatambaa. Mafuta ya taa yamewekwa kwenye chupa ya soda, kando ya chupa nyingine ya soda yenye maji ya kunywa. Baba hajawahi kumbeba mwanawe kwa kuogopa atamvunja. Kulikuwa na mama mmoja kijana ambaye hakuwa akizungumza kabisa na mtoto wake mchanga. "Sasa niongee naye nini, mama?" aliuliza. "Habari za mjini?" Mama Hodi alimwambia ndiyo, hizo hizo habari za mjini, na bei ya sabuni pia amwambie, maana mtoto hachagui mada. Walicheka wote wawili, na yule mama akaanza siku hiyo hiyo.

Alivaa koti la bluu lenye nembo ya halmashauri na kubeba mkoba wenye mizani ya kuning'iniza, utepe wa kupimia unene wa mkono wa mtoto, na mwanasesere wa kitambaa aliyekuwa amebembelezwa na akina baba wengi wenye woga mpaka shingo ikalegea. Hakuwa muuguzi wala hakujifanya muuguzi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyelea watoto wake, akafundishwa kazi katika ukumbi wa halmashauri, na akaipenda kupita alivyotarajia.

Shida ya kazi kama hiyo ni kwamba ikifanyika vizuri haionekani. Mtoto ambaye hakuungua hana kovu la kuonyesha. Mkuu wa Idara, bwana mmoja mwenye sauti ya mkutano hata akiwa anaomba chumvi, alikuwa akifungua kila hotuba kwa kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, na watu wakampigia makofi. Lakini bajeti ilipofika mezani, makofi yakiwa yamekwisha, yeye huyo huyo alikuwa akiuliza, "Na huo ukuta tuliookoa uko wapi? Nionyesheni ukuta." Hakuna aliyeweza kumwonyesha ukuta ambao haukujengwa. Ndipo halmashauri ilipomwajiri mthamini, binti mmoja mchumi kutoka nje ya mji, mwembamba, mwenye miwani na kompyuta ndogo asiyoiacha hata akienda kunawa mikono. Wafanyakazi wakamwita Binti wa Hesabu, naye hakuona kosa.

Binti wa Hesabu aliwaeleza jambo hilo kwa utulivu, akitumia vikombe vya chai vilivyokuwa mezani. Ukitaka kujua mlichozuia, alisema, lazima utazame mahali ambapo hamkuzuia. Fedha zilizokuwepo zilitosha mtaa mmoja tu. Kwa hiyo mtaa wa juu ya reli ungetembelewa, na mtaa wa chini ya reli, unaofanana nao kwa nyumba, kwa vipato na kwa matope, usingetembelewa kwanza. Ungekuwa mtaa wa kulinganishia, mpaka zamu yake ifike. Zahanati ingetoa taarifa za watoto waliolazwa kutoka kila mtaa. Mwisho wake wangepiga hesabu: kila elfu moja iliyotumika kuzuia imeokoa elfu ngapi za kutibu. "Lakini mtaa wa kulinganishia lazima ubaki kama ulivyo," alisema, akikisogeza kikombe kimoja mbali na vingine. "Mkiugusa, hatutajua chochote." Kila mtembeleaji alitia sahihi kwamba hatatoa huduma chini ya reli. Mama Hodi naye alitia sahihi, kwa moyo mweupe, ingawa chini ya reli ndiko alikokaa.

Wala hakukusudia kuvunja ahadi. Miezi ya kwanza alikuwa akivuka reli jioni macho chini, kama mdaiwa anayepita mbele ya duka. Mkoba aliuacha ofisini, koti akalivua na kulikunja kabla hajafika nyumbani. Na hapo ndipo kosa lilipopata mlango, kwa sababu kichwani mwa Mama Hodi huduma ilikuwa kile kinachotoka mkobani na kusemwa ndani ya koti. Ukishalivua koti, unachosema ni maongezi. Ni nani aliyewahi kutia sahihi kwamba hataongea na majirani zake?

Ilianzia bombani. Jirani yake, Mama Pacha, aliyekuwa na watoto wawili wa mimba moja na subira isiyotosha hata mmoja, alisema pale kwenye foleni ya maji kwamba mafuta ya taa siku hizi ameyahamishia kwenye chupa za soda kwa kuwa dumu linavuja. Mama Hodi aliumeza ulimi wake mpaka ndoo ya Mama Pacha ikajaa. Kisha akamfuata njiani. "Si kazini hapa," alianza kwa kujihami, "lakini hebu nikuambie kitu, kama jirani." Kesho yake Mama Pacha alimwuliza kuhusu kuharisha kwa mmoja wa wale pacha. Keshokutwa alikuja na mwenzake. Haukupita muda mrefu, kibaraza cha Mama Hodi jioni kikawa hakina nafasi ya kupitisha mguu.

Uaminifu wake katika jambo hilo ulikuwa wa kuchekesha na wa kusikitisha kwa pamoja. Mizani ya halmashauri haikuvuka reli hata siku moja. Wanawake walipotaka kujua uzito wa watoto wao aliwaelekeza kwa muuza mkaa, ambaye alikuwa na mizani ya ndoano, na muuza mkaa akawa anawapima watoto wa mtaa mzima ndani ya kikapu, akiwarudisha kwa mama zao wakiwa na mabaka meusi makalioni. Mwanasesere naye hakuja. Akina baba walijifunzia kubeba kwa mtoto halisi wa jirani. Mama Hodi aliyatazama hayo yote akaona amelinda ahadi yake barabara.

Miaka miwili ilipotimia, Binti wa Hesabu aliwakusanya wafanyakazi ukumbini kuwasomea matokeo ya kwanza, Mkuu wa Idara akiwa ameketi mbele na mikono tumboni. Picha ya michoro ikamulikwa ukutani. Mstari wa mtaa wa juu, wa watoto waliolazwa kwa kuungua, kwa kunywa sumu na kwa utapiamlo, ulikuwa umeshuka vizuri. "Na huu," alisema Binti wa Hesabu, sauti yake imepungua kidogo, "ni mtaa wa chini." Mstari wa chini nao ulikuwa umeshuka, sambamba na ule wa kwanza, kama ng'ombe wawili wa jembe moja.

Mama Hodi alipiga makofi.

Alipiga peke yake, kwa furaha ya kweli, akimwona mbele ya macho yake kila mtoto wa foleni ya bombani. Alipogeuka aone kwa nini wengine hawapigi, alikuta watu wanatazama viatu vyao. Mkuu wa Idara alikohoa. "Kwa hiyo waliotembelewa na wasiotembelewa ni sawa," alisema. "Basi fedha zetu zilikuwa zinatembea tu zikinyoosha miguu." Alisema mpango utafungwa mwisho wa mwezi ujao, wafanyakazi watapewa kiinua mgongo chao, na akawashukuru kwa moyo wao wa kujituma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule isiyo na paa na watu wanaomdai paa.

Kwenye korido, Mama Hodi alimshika mkono Binti wa Hesabu. "Mwanangu, nieleweshe. Watoto wamepona pande zote mbili. Sasa ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni kwamba mtaa wa chini umepona bila nyinyi, mama. Kama umepona bila nyinyi, basi na wa juu huenda ungepona bila nyinyi. Labda ni maji yamekuwa safi, labda chakula kimeshuka bei. Siwezi kusema ni kazi yenu." Alionekana amechoka, na mwenye huzuni ya kweli. "Nilikuwa natamani isiwe hivi."

Mama Hodi aliuachia mkono wa binti. Alikwenda nyumbani kwa miguu, na alipofika kwenye reli alisimama, akiwa bado na koti lake la bluu mwilini, akaanza kuelewa.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaitoa misumari mmoja mmoja.

"Ukinyamaza?" aliuliza.

"Mpango unafungwa. Napata kiinua mgongo, unanunua ile cherehani ya kushonea ngozi."

"Ukisema?"

"Nimevunja niliyotia sahihi. Naweza kufukuzwa bila hata senti. Na mpango wenyewe huenda ukafungwa vilevile."

Fundi alivitazama vidole vyake, ambavyo asubuhi za baridi vilikuwa vimeanza kugoma kuvuta uzi. Alikuwa akiitaka cherehani hiyo kupita alivyokubali kusema. "Mimi nilidhani wale wanawake kibarazani wanakuja kukusalimia," alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Basi nenda ukaseme, bibie. Cherehani haijawahi kunisalimia." Akairudisha misumari mdomoni, na ikawa ndiyo hukumu ya nyumba.

Asubuhi Mama Hodi aliingia katika chumba cha Binti wa Hesabu bila hodi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alieleza yote: bomba, dumu linalovuja, kibaraza, muuza mkaa na kikapu chake. Binti wa Hesabu alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Mama Hodi alingoja kugombezwa, na kwa kweli aligombezwa, kwa sauti ya chini ambayo ilimwumiza zaidi ya kelele.

"Mama, miaka miwili. Miaka miwili ya kazi yangu, na wewe unaivuruga kwa nia njema. Ungeniambia mwezi wa kwanza ningebadilisha mpango mzima. Nilikueleza kwa vikombe kabisa."

"Ulinieleza, mwanangu. Nilielewa vikombe. Sikuelewa kama ni Mama Pacha."

Binti wa Hesabu alivuta karatasi, na kuanzia hapo alianza kumhoji kama polisi mwenye adabu.

"Machimboni je? Kule wanakopasua mawe, ng'ambo ya bonde. Zahanati ina taarifa zao pia. Ulifika?"

"Machimboni? Kwa miguu hii?"

"Hata kwa maongezi?"

"Sina mtu huko. Hata wa kumsalimia sina."

"Hakuna shangazi, hakuna wifi, hakuna mtu wa vikoba?"

"Wifi yangu amegombana na mimi, na yeye anakaa mbali zaidi."

"Afadhali," alisema Binti wa Hesabu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alikaribia kucheka. "Sasa niambie hizo jioni zako. Kwa wiki, ulikuwa unakaa nao saa ngapi?"

Mama Hodi alistuka. "Unataka kunilipa?"

"Hapana, mama. Nataka kukuhesabu. Nisipoweka bei kwenye saa zako, itaonekana mtaa wa chini umehudumiwa bure. Halafu mji mwingine utaiga, utaajiri nusu ya watu, na utashangaa kwa nini haifanyi kazi."

"Lakini kumsalimia jirani hakuna bei."

"Kuna bei. Ulikuwa unaitoa wewe."

Tangu Mama Hodi aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba uchovu wake wa jioni ulikuwa kitu kilichomtoka, na aliona haya kidogo kwa jinsi macho yalivyotaka kulowa kwa ajili ya hesabu. Akakadiria saa zake kwa uaminifu, akaondoa zile walizotumia kumsengenya muuza mkaa.

Wiki kadhaa zilipita kabla Binti wa Hesabu hajamwita tena. Safari hii hakuwasha picha ya ukutani. Aligeuza kompyuta yake tu, wakakaa bega kwa bega. Mitaa yote miwili ya relini ilikuwa imeshuka. Machimboni, ambako maji ni yale yale na bei ya chakula ni ile ile, mstari haukushuka. Ulikuwa umepanda kidogo.

"Unaona?" Binti wa Hesabu alisema, uso umechangamka. "Si maji, si bei. Ni nyinyi. Hata nikihesabu saa zako zote, kila elfu moja iliyotumika inarudisha zaidi ya elfu tatu, kwa vitanda vya zahanati peke yake, hata faida ya shuleni sijaigusa. Nimeongea na Mkuu. Mpango haufungwi."

Mama Hodi alifurahi, na safari hii hakupiga makofi. Alikuwa anasoma maneno madogo yaliyo chini ya mstari wa Machimboni, akiyafuata kwa kidole kwa kuwa miwani aliisahau. Kuungua kwa maji ya moto. Kunywa mafuta ya taa. Kuungua. Utapiamlo. Kuungua.

"Hawa ndio waliotuokoa," alisema.

"Ni takwimu za zahanati, mama. Hatukuwafanya chochote."

"Ndiyo. Hatukuwafanya chochote."

Mama Hodi alikuwa anawaza kwamba kama angekuwa mtii tangu mwanzo, mstari huo ungekuwa wa mtaa wake mwenyewe, na huenda mmoja wa wale pacha angekuwamo, na Binti wa Hesabu angekuja kumwonyesha kwa uso huo huo uliochangamka. Hakumchukia kwa hilo. Bila binti huyu, mpango ungekuwa umekufa na hakuna ambaye angejua ni nini kilichokufa. Hata hivyo iliuma, na haikuacha kuuma alipotoka nje kwenye jua.

Mkuu wa Idara alimpa barua ya onyo kali, akaisoma yote kwa sauti ya mkutano, watu wawili tu chumbani. Kisha, kwa kuwa nidhamu lazima ionekane, alimhamisha kutoka mtaa wa juu, uliokuwa karibu na kwake, akampeleka kuanzisha kazi Machimboni, mwendo wa kuvuka bonde kila asubuhi. Alidhani ni adhabu. Mama Hodi alimshukuru kwa dhati, na Mkuu akabaki na wasiwasi kwamba huenda amekosea kuisoma barua.

Siku ya kwanza Machimboni alipiga hodi kutoka mbali kama kawaida yake, ingawa milio ya nyundo iliimeza. Huko wanawake hupasua kokoto uani, mbele ya milango yao, na vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu. Nyumba ya kwanza alimkuta mwanamke wa umri wa binti yake, ameketi juu ya gunia, na kando yake msichana mdogo anayepanga vipande vya mawe kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjamana kuanzia kiwiko, ngozi imevutana, vidole havikunjuki.

Walisalimiana. Mama Hodi alieleza kazi yake: kuinua jiko kutoka chini, kutenga mafuta ya taa, kuongea na watoto, kumpima mtoto aliyedhoofu kabla hajalazwa. Mwanamke alisikiliza, nyundo imetulia mapajani.

"Haya mambo mmeyaanza leo?"

"Huku, ndiyo. Kule relini tuna miaka miwili."

"Miaka miwili." Mwanamke alimtazama bintiye, akamtazama mgeni. "Na huku mlikuwa hamjui kama kuna watoto?"

Uongo ulikuwa karibu, tena wenye huruma: fedha hazikutosha, tulikuwa njiani. Na isingekuwa hata uongo mtupu. Lakini Mama Hodi alikuwa ameshaona maongezi ya kujihami yanakofika.

"Tulijua," alisema. "Tulikuwa tunapima kwanza kama kazi hii inafaa kulipiwa."

"Mkajuaje kama inafaa?"

"Tuliwatazama nyinyi, ambao hatukuwafikia."

Nyundo za uani kwa majirani ziliendelea. Mwanamke alikaa na neno hilo kwa muda, bila hasira usoni, kama mtu anayekadiria jiwe litapasukia wapi. Msichana aliendelea kupanga vipande vyake. Mama Hodi alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe ni dogo, akalisema vivyo hivyo.

"Nenda nyumba ya pili," mwanamke alisema mwishowe, akionyesha kwa kidevu. "Ana mimba ya kwanza yule, na jiko lake liko chini. Kwangu umeshachelewa."

Mama Hodi alichukua mkoba wake, akaenda nyumba ya pili.